Kabla ya Kuongeza Nguvu, Uliza Nani Ataibeba



Leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho hakuna mtu hukipiga picha. Watu hupiga picha ekzosi ikitema moto usiku. Wanapiga picha rimu, spoila, boneti yenye tundu la kuvuta hewa. Sijawahi kuona msee amelala chini ya moti yake akipiga picha difu ya nyuma. Difu iko huko chini, imepakwa matope ya Nkubu na oili nyeusi, na mwenyewe huikumbuka siku imeanza kulia.

Nitasema maoni yangu mapema ndio ukitaka kunitusi ujue unanitusia nini. Vijana wengi huku kwetu tunaongeza nguvu kwa magari ambayo hayana mgongo wa kuibeba. Na wachache wanaokumbuka mgongo, wanaenda kununua mgongo wa gari lingine. Kwa hivyo kama una Subaru ya turbo au Mark X, na mwaka huu una pesa ya kitu kimoja tu, isiende kwa turbo kubwa. Iende kwa difu, ekseli na vile vitu vinavyozishika. Na kama hutaki kupiga hesabu kwanza, basi acha gari lilivyotoka Japani. Hakuna aibu.

Sasa najua kuna mtu tayari anauliza, "Wewe dem, unajua nini kuhusu difu?"

Sawa. Wacha nikuambie nilijulia wapi.

Baba yangu aliendesha pickup ya miraa. Hilux, kutoka Maua hadi Nairobi, karibu kila siku, miaka mingi kabla nijue gia ni nini. Kama umekulia Meru unajua hiyo kazi. Miraa ikichunwa, saa inaanza kuhesabu. Ikinyauka haina bei. Kwa hivyo pickup inajazwa mpaka inakaa kama imechuchumaa, halafu inaambiwa ikimbie. Kule Mbeere wanaobeba muguka wanajua mbio hizo hizo.

Safari moja difu ya nyuma ilianza kulia tangu Meru. Si kelele kubwa, ni ile "uuuuu" inayopanda ukikanyaga na kushuka ukiachilia. Baba alipiga simu kwa mwenye gari. Akaambiwa amalize safari hiyo kwanza, itaangaliwa akirudi. Akapita Nkubu, akapita Chuka, akavuka Thuci. Baada ya Runyenjes gurudumu la nyuma upande wa kulia lilitoka na ekseli yake likatangulia mbele ya gari. Baba anasema aliliona likimpita, na kwa sekunde moja alijiuliza ni nani huyo amepoteza tairi.

Kwenye Hilux kama ile, ekseli ndiyo inashika gurudumu na ndiyo inabeba uzito wa upande wake. Beringi ikiisha, ama ekseli ikikatika, hakuna kitu kingine cha kuzuia gurudumu lisiondoke. Baba alivunjika paja. Mpaka leo anatembea akiegemea upande mmoja. Na mpaka leo, akipanda gari la mtu yeyote, anazima redio kwanza. Anataka kusikia nyuma.

Huko ndiko nilijulia.

Sasa twende darasani kidogo. Nitafanya haraka.

Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa kwa chuma kimoja, moja lingelazimika kuburutwa. Difu ndiyo inaruhusu moja lizunguke zaidi ya lingine huku nguvu ikiendelea kufika. Ndani yake kuna gia mbili kubwa, krauni na pinioni. Hizo ndizo zinapokea mzunguko wa propela shafti, zinaugeuza uelekee pembeni, na zinauongezea nguvu. Kutoka hapo ekseli, hafu shafti kama mafundi wengi wanavyoziita, zinapeleka nguvu kwa magurudumu.

Hilo neno "zinauongezea" ndilo watu husahau. Chukua injini inayotoa Nm 300. Gia ya kwanza ikiwa ya 3.4, tayari uko kwa Nm 1,020. Difu ikiwa ya 4.1, unapita Nm 4,000 kabla hazijagawanywa kwa magurudumu. Sasa ukienda kwa mtu wa tuni akakuongezea Nm 100 kwa injini, huku nyuma hukuongeza 100. Umeongeza zaidi ya elfu moja. Na hapo hatujahesabu ule mtindo wa kupandisha injini hadi mizunguko 5,000 ukiwa umesimama, halafu unaachilia klachi kama kitu cha moto. Ule mshtuko ndio huvunja meno ya gia. Chuma kinaweza kuvumilia kusukumwa siku nzima, lakini nyundo ni kitu kingine.

Kwa Subaru za turbo kuna difu mbili ambazo utasikia zikitajwa kila gereji, R160 na R180. Namba hizo zinatokana na kipenyo cha krauni kwa milimita. R160 iko kwa Impreza nyingi za gia tano. R180 ndiyo ile ya STI ya gia sita. Tofauti ya milimita 20 inaonekana ndogo kwa karatasi, lakini zishike zote mbili mkononi utajua kwa nini watu wanaitaka R180. Ina meno makubwa, ni nzito, na inavumilia mateso.

Na hapo ndio hadithi ya binamu yangu inaingia. Amenipa ruhusa niisimulie, bora nisimtaje jina.

Binamu yangu ana kinyozi Makutano, pale Meru mjini, na kipande cha shamba la miraa alichopewa na babake. Ana Impreza ya miaka ya 90, ile ya GC8, gia tano. Anaipenda kuliko anavyopenda watu wengine. Alikuwa ameongeza nguvu ya injini, na yeye, tofauti na wengi, alikuwa na akili ya kufikiria nyuma. Akasema ataweka R180 kabla R160 ivunjike. Nilimpongeza. Kwa kweli mimi ndiye nilimshawishi, kwa hivyo sehemu ya lawama ni yangu.

Akaweka pesa miezi minane. Akapata muuzaji mmoja Nairobi mwenye R180 ya mtumba kutoka STI ya gia sita, pamoja na ekseli zake na habu zake. Hapo alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu ekseli za R160 haziingii kwa R180, na wengi hugundua hivyo difu ikiwa tayari imelala kwa sakafu ya gereji. Akauliza kama itafanya kazi kwa gari lake. Akajibiwa, "Zote ni za Subaru, inaingia tu."

Na kweli iliingia. Boliti zote zilikaa. Tulipiga picha. Ukitaka kujua, hiyo ndiyo picha pekee ya difu niliyowahi kupiga.

Siku mbili mjini gari lilikuwa linafanya kitu cha ajabu. Ukigeuza kwa parking, lilikuwa linajikaza kama mtu ameshika breki ya mkono. Binamu akasema ni chuma kipya, kitazoea. Nikanyamaza. Nilikuwa na wasiwasi, lakini si unajua vile inakuwa. Msee amefurahi, hutaki kuwa yule wa kumwaga maji kwa moto wake.

Jumapili tukaamua kumpeleka dada yangu mdogo chuoni, anasoma Chuka. Sisi wawili mbele, yeye nyuma na sanduku, godoro na ndoo. Tukitoka Nkubu usukani ulikuwa mzito kwa kona. Kufika Igoji, kulikuwa na harufu. Binamu akasema ni breki za lori lililokuwa mbele yetu. Lori likakata kona likaenda zake, harufu ikabaki. Tulipokaribia Marima dada yangu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kama hamsimami, nashuka."

Tukasimama. Binamu akagusa chini ya giaboksi akarudisha mkono haraka. Palikuwa pamechomeka. Mtu wa duka lililokuwa karibu akatuletea maji, akauliza tunaelekea wapi. Tukamwambia Chuka. Akaangalia barabara inavyoteremka, akatingisha kichwa. Hakusema kitu.

Kama wewe ni wa huku, unajua baada ya Marima kuna nini. Kuna mteremko wa Nithi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka upande wetu huu wa Meru lilitumbukia pale kwenye bonde la mto, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Kila familia kutoka Maua hadi Embu inamjua mtu aliyemjua mtu. Sisemi basi lile liliharibika kama letu. Nasema tu kwamba sisi watatu tulikuwa karibu kuuteremka mlima huo na gari ambalo mbele na nyuma yake hazikuwa zinaelewana, na tulikuwa tumelijenga kwa mikono yetu wenyewe, kwa pesa yetu, tukiwa na uhakika kwamba tunaliimarisha.

Lori la kuvuta likaturudisha Meru. Dada yangu akaendelea kwa matatu, na godoro lake juu ya keria.

Fundi aliyetusaidia ni mzee aliyetengeneza pickup za miraa maisha yake yote. Hakufungua simu, hakutafuta chochote. Aliomba chaki. Akachora alama kwa flanji ya mbele ya ile R180, akachora nyingine kwa upande wa ekseli, akaanza kuzungusha taratibu akihesabu kwa sauti. Ekseli zilipomaliza mzunguko mmoja, flanji ilikuwa imezunguka karibu mara nne, pungufu kidogo. Hiyo ni 3.90. Giaboksi ya binamu ilikuwa ya 4.44.

Mzee akafuta mikono akasema, "Hawa ni ng'ombe wawili kwa nira moja. Mmoja anatembea, mwingine anakimbia. Shingo ya nani itavunjika?"

Shingo iliyovunjika ilikuwa difu ya kati, ile iliyo ndani ya giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ina kifaa chenye mafuta mazito ambacho kimeundwa kuvumilia tofauti ndogo ya mzunguko, kwa muda mfupi, kwa mfano tairi moja likiteleza kwa matope. Sisi tulikipa tofauti ya karibu asilimia 14, kila mita, kutoka Meru hadi Marima. Kilichemka mpaka kikafa.

Ungeniuliza kabla ya siku hiyo ningekuambia najua difu. Nilijua kusikiliza, kama baba alivyonifundisha. Kuhesabu sikuwa nimejifunza. Na niliposikia, pale kwa parking, nilinyamaza. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Kwa hivyo, mambo niliyojifunza kwa njia ngumu ndio wewe usiyajifunze kwa Nithi.

La kwanza ni sikio. Mlio mfululizo unaopanda na mwendo unatoka kwa krauni na pinioni ama beringi. Ule wa "tak, tak, tak" ukikata kona ni jointi ya ekseli. "Dung" moja ukiachilia klachi ni bushi zinazoshika difu, au jointi ya propela. GC8 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2000. Raba zilizomo zina umri wako, labda zaidi. Ukiweka difu kubwa juu ya bushi zilizooza umeweka mlango wa chuma kwa nyumba ya makuti.

La pili ni oili. R160 inakula lita 0.8 tu. R180 inakula lita moja. Hiyo ni chupa ya soda. Oili ya gia ya 75W-90 yenye alama GL-5. Kuna watu wametumia laki mbili kwa injini na hawajawahi kufungua ile boliti ya nyuma tangu gari lishuke Mombasa. Na ukiona oili inavuja kwa sili, badilisha sili leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa difu una meno.

La tatu ni resho, yaani ile namba. Hapa usimwamini mtu, hata mimi. Hesabu mwenyewe kwa chaki kabla ya kulipa. Zungusha flanji ya mbele, hesabu mpaka ekseli zote mbili zimalize mzunguko mmoja. Ukiona upande mmoja umesimama na mwingine tu ndio unazunguka, hiyo ni difu ya kawaida isiyo na kizuizi, na namba utakayopata ni nusu ya ile halisi. Izidishe kwa mbili.

Na usifanye kosa la kudhani mbele na nyuma lazima zilingane kwa namba. Kuna giaboksi za Subaru ambazo mbele ni 3.90 na nyuma ni 3.545, na ziko sawa kabisa, kwa sababu ndani ya giaboksi kuna gia nyingine ya 1.1 inayosawazisha. Zidisha 3.545 kwa 1.1 uone. Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji ni "hii ilitoka kwa giaboksi gani?" Ukijibiwa "inaingia tu", toka dukani.

La nne linahusu hata wewe ambaye hujaongeza kitu. Kwa gari la magurudumu yote manne, tairi mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma ni ugonjwa ule ule wa resho, kwa kipimo kidogo. Kipenyo kikitofautiana, difu ya kati haipumziki. Nunua nne zinazofanana. Kama huna pesa ya nne, huna pesa ya turbo.

La tano ni kwa watu wa Mark X. Nyinyi nyuma ndio kila kitu, injini ya 2.5 inasukuma magurudumu mawili tu, na zile za kawaida zina difu isiyo na kizuizi. Ndio maana ukikanyaga kwa mvua tairi moja linalia na lingine linaangalia. Dawa halali ni difu ya kuzuia mtelezo, ile watu huita LSD. Kuna ya mafuta mazito, kuna ya sahani za msuguano, kuna ya gia tupu. Kila moja ina tabia yake, na ile ya sahani inataka oili yake maalum.

Lakini kuna dawa haramu ambayo naiona ikizidi. Kuchomelea difu. Unamlipa mtu wa weldi pesa kidogo, anafunga gia za ndani zote, sasa magurudumu ya nyuma yanazunguka kama kitu kimoja. Donati zinatoka safi, nakubali. Halafu unaenda na hilo gari nyumbani kwa barabara ile ile ya matatu na watoto wa shule. Kwa lami kavu linakataa kukata kona na linazitesa ekseli. Kwa mvua, na huku mvua ya mlima haipigi hodi, mgongo wa gari unakupita bila onyo. Gari la kuchomelewa difu ni la uwanja, lipelekwe kwa trela na lirudi kwa trela. Ukilitumia kwa barabara ya umma si ujanja. Umewawekea wengine dau bila kuwauliza.

Sasa wacha niwasikize wanaonipinga, kwa sababu wana hoja.

Kuna wanaosema ukiimarisha nyuma, utavunja mbele. Ni kweli. Nguvu ni kama maji kwa bomba bovu, ukiziba hapa inatokea pale. Giaboksi ya gia tano ya Subaru ina sifa yake ya kung'oka meno, na ukiiwekea R180 na ekseli nene, nyundo ambayo ingevunja ekseli sasa inaenda kuitafuta gia ya kwanza au ya tatu. Wazee wengine wa gereji huiacha ekseli iwe dhaifu makusudi, iwe kama fyuzi. Ekseli moja ya mtumba ni bei rahisi kuliko giaboksi. Nakubaliana nao kwa gari la matumizi ya kila siku. Ndio maana nimesema kama huna hesabu yote, acha gari lilivyo. Kuboresha sehemu moja bila kujua inayofuata ni kuhamisha tu mahali pa kuvunjikia.

Kuna wanaosema hizi ni pesa nyingi kwa kitu kisichoonekana. Hapo sikubali. Tumezoea kununua kelele. Mtu anasikika kutoka stage ya Embu mjini mpaka Dallas, lakini akishuka kupima mwendo anapitwa na pickup ya muguka. Kitu kisichoonekana ndicho kinakufikisha.

Na kuna wanaosema mbio ziko kwa damu yetu. Huyu namuelewa kabisa. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 660, kidogo kuliko injini za pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, aliingia Safari hiyo hiyo na Vivio kama yake. McRae aliwasha moto mwanzoni, gari likamshinda njiani, hakumaliza. Njiru alimaliza wa 12 na akashinda daraja lake. Mwaka uliofuata akachukua Impreza akamaliza wa nne kati ya wote.

Nikiulizwa damu yetu ya mbio inafanana na nini, mimi husema inafanana na hiyo. Mkenya kwa gari dogo lililojua uzito wake, akifika wakati bingwa amekwama. Kwa hivyo ukitaka mbio, tafuta autokrosi, tafuta reli za klabu, uvae helmeti na kuwe na mtu ameshika kizima moto. Pale ekseli ikikatika unacheka na unarudi wiki ijayo. Kona za Thuci si uwanja wa mtu. Ni njia ya mama anayepeleka ndizi sokoni.

Binamu yangu alirudisha R160 yake. Ile R180 aliiuza kwa msee wa gia sita, ambaye inamfaa, na alimwambia ukweli wote kuhusu resho. Sasa anaweka pesa ya giaboksi ya gia sita, pole pole, ndio siku moja akiweka R180 tena iwe seti nzima, giaboksi, difu, ekseli, habu na bushi. Nguvu ya injini ameipunguza kwa sasa. Anasema gari limekuwa tamu kuliko lilivyokuwa, kwa sababu haogopi tena kulikanyaga.

Juzi alimpeleka dada yangu Chuka tena. Baba aliomba aende nao, akakaa mbele. Walipotoka getini aliinua mkono wake akazima redio. Akasikiliza mpaka Nkubu. Halafu, binamu ananiambia, mzee akaiwasha mwenyewe.